Kilomita 4 za Karatasi, Saa Tatu za Miguu: Kuisoma Ramani ya Usambara ya Mashariki

SWALI: Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule iliyo juu mlimani, upande wa Amani, wilayani Muheza. Nimepata nakala ya ramani ya topografia ya eneo letu, skeli ya 1:50,000, nikaibandika darasani. Wanafunzi walipima kutoka barabara ya bondeni hadi kijijini kwetu wakapata sentimita 8, yaani kilomita 4. Mmoja akasema bibi yake huanza kupanda saa kumi na mbili asubuhi akiwa na mzigo kichwani, na hufika saa tatu. Darasa likagawanyika: wengine wakasema ramani ni ya uongo, wengine wakasema bibi anatia chumvi. Je, ramani inakosea? Na kama haikosei, tuisomeje ili watoto waone humo mlima wao na vijiji vyao?

JIBU: Mwalimu, ramani haikukosea na bibi hakutia chumvi. Darasa lilisoma nusu ya ramani tu: lilisoma skeli, likaziacha kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zote zenye kimo kimoja. Kwenye nchi tambarare kosa hilo halina madhara. Kwenye milima iliyosimama kilomita 40 hivi kutoka baharini kama yenu, kontua ndizo ramani yenyewe. Barabara, majina na mipaka ni nguo tu iliyovishwa juu yake, na nguo hubadilishwa.

Tuanze na hesabu ya bibi, maana ndiyo iliyoleta ubishi. Kilomita 4 mlizopata ni za ulalo, kana kwamba mlima umepigwa pasi. Sasa hesabuni kontua zinazokatwa na rula yenu. Chukulia barabara iko mita 250 juu ya usawa wa bahari na kijiji kiko mita 950; bibi anapanda mita 700. Wengi hudhani siri iko kwenye urefu wa mshazari, kwamba mteremko ukinyooshwa ni mrefu mno kuliko unavyoonekana kwenye karatasi. Wape watoto kanuni ya Pythagoras waone wenyewe: kilomita 4 za ulalo na mita 700 za wima zinatoa mshazari wa kilomita 4.06. Ongezeko ni mita 60! Hazitoshi hata kuzunguka uwanja wa mpira. Muda wa bibi unaliwa na vitu vingine viwili: kona za njia, na kupanda kwenyewe.

Kona mnazipata kwa uzi. Laza uzi juu ya njia ya miguu iliyochorwa, ufuate kila mpindo, kisha uunyooshe kwenye rula. Njia inayopanda ukuta wa mlima hujikunja kushoto na kulia ili mguu upate pa kukanyaga, na si ajabu sentimita 8 za rula zikawa 12 za uzi. Hizo ni kilomita 6. Upande wa kupanda, kuna kanuni ya Mskoti mmoja, William Naismith, aliyoiandika mwaka 1892 na ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 unazopanda. Kwa bibi, kilomita 6 ni saa 1 na dakika 12. Mita 700 ni saa 1 na dakika 10. Jumla ni saa 2 na dakika 22, na hiyo ni ya mtu mzima mwenye nguvu, mikono mitupu, njia kavu. Ongeza mzigo, ongeza utelezi wa masika, ongeza miaka ya bibi. Saa tatu zimetimia, na zimetoka ndani ya ramani ile ile iliyoitwa ya uongo.

Kabla ya kufanya hesabu hiyo, angalieni chini ya karatasi tofauti ya kimo kati ya kontua na kontua. Karatasi za zamani za mfululizo huu zipo zilizochorwa kwa futi 50, na zipo za mita 20. Nimeona ripoti nzima iliyoandikwa kwa kudhani futi ni mita, na mlima ukawa mara tatu ya ulivyo. Futi 3,100 ni mita 945 tu.

Sasa kontua yenyewe. Watoto wenu wanaishi baina ya mlima na bahari, kwa hiyo waelezeeni kwa maji. Bamvua likijaa na kutoka huacha ufukweni mstari wa mwani na takataka, na mstari ule, hata ukizunguka ghuba na kuingia mkondoni, una kimo kimoja mahali pote. Kontua ni mstari huo huo, isipokuwa bahari imepandishwa kwa fikra. Ipandisheni pamoja darasani, kidole kikiwa juu ya ramani. Ikipanda mita 20, mikoko na fukwe zote zimefunikwa. Ikipanda mita 200, mawimbi yanapiga karibu na mji wa Muheza. Ikifika mita 600, nchi ya chini iitwayo Bonde yote imezama, mashamba ya machungwa yako chini ya maji, na bahari inagonga ukuta wa mlima. Ikifika mita 900, Amani ni pwani. Vilima vinavyoizunguka vimekuwa visiwa, na upande wa kaskazini kilele cha Nilo, chenye mita 1,506, kimebaki kisiwa kirefu kuliko vyote vya Usambara ya Mashariki.

Fikra hiyo si mchezo wa watoto peke yake. Wanabiolojia nao huiita milima hii ya Tao la Mashariki, safu ambayo Usambara ni sehemu yake, visiwa, kwa sababu misitu yake ilitengwa na nchi kame iliyoizunguka kwa muda mrefu mno, ikazalisha mimea na viumbe visivyopatikana kwingine. Lile ua dogo la zambarau, Saintpaulia, linalowekwa madirishani duniani kote, asili yake ni huku: mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kujulikana Ulaya baada ya kuliona Usambara mwaka 1892. Kwenye ramani hamtaliona, lakini mtaona linapopenda kukaa, kwenye makorongo yenye kivuli ambako kontua zimebanana.

Kubanana huko kuna kipimo chake. Kwenye skeli yenu milimita 1 ni mita 50. Kama kontua ni za mita 20 na zimeachana milimita 4, ardhi inapanda mita 20 katika mita 200, yaani asilimia 10. Lori lenye shehena litapanda kwa shida. Zikiachana milimita 2 ni asilimia 20. Zikiachana milimita 1 ni asilimia 40, na hapo jembe linateremsha udongo kila mvua inaponyesha. Mpe kila mwanafunzi rula na mraba mmoja wa gridi, kilomita 1 kwa kilomita 1, atafute penye milimita 4 na penye milimita 1. Naamini katika dakika kumi atakuwa ameujua mlima kuliko kwa juma zima la kukariri maana ya kontua.

Nendeni pia mbele kidogo mkachore mkato wa wima, yaani picha ya ardhi kana kwamba imekatwa kwa kisu na kutazamwa ubavuni, kutoka Tanga hadi Amani. Mtahitaji kuunganisha karatasi zaidi ya moja, maana kila karatasi ni dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo, kama sentimita 55 kila upande, na safari hiyo kwa mstari ulionyooka ni kilomita 50 na ushei. Mkichora kwa skeli ile ile kwa ulalo na kwa wima, mchoro utakuwa na urefu wa zaidi ya mita moja na mlima utakuwa na kimo cha sentimita 1.8. Mlima unaowatoa watu jasho ni sentimita 1.8! Ndiyo maana wachoraji hukuza wima mara tano au zaidi. Wakuze, lakini waandike chini wamekuza mara ngapi. Bila hivyo mteremko wa kawaida utaonekana genge.

Mkato huo ndio utakaowaeleza kuhusu watu, na hapa naomba mkae kwa muda, kwa sababu ndipo ramani inapokuwa tamu. Utaona ngazi tatu. Ya kwanza ni ukanda wa pwani, mwamba wa matumbawe na mikoko, nchi ya Wadigo na Wasegeju, ambako maji ya bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, na kontua ya kwanza haisemi lolote kuhusu hilo. Ya pili ni Bonde, vilima vya chini vya mita 100 hadi 300 hivi, na Wabondei wamepata jina lao humo humo, watu wa bondeni. Kisha kontua zinabanana ghafla kama nyuzi za mkeka, kutoka mita 300 hivi hadi karibu 900. Na juu yake, jambo ambalo mgeni halitarajii, zinaachana tena: kuna nchi ya vilima vya mviringo na vijito vingi. Huko ndiko kwa Wasambaa, ndiko mashamba ya chai ya Kwamkoro, Monga na Bulwa yalikopata pa kukaa, na ndiko shule yako ilipo.

Wasambaa wenyewe walikuwa na ramani hiyo vichwani kabla ya mpimaji yeyote kufika. Wao huita Shambaai nchi ya juu, yenye ubaridi, migomba na mvua, na nyika nchi ya chini, yenye joto na miiba. Vijiji vingi vya zamani vilipenda kukaa ukingoni, pale kontua zilizoachana zinapokutana na zilizobanana. Mtu wa ukingoni ana migomba, magimbi na iliki nyumbani kwake, na akishuka ana mahindi na mihogo ya chini inayokomaa kwa majira mengine. Mwaka mmoja ukimnyima huku, humpa kule. Hewa nayo husaidia. Joto hupungua kwa takribani nusu nyuzi na zaidi kidogo kila unapopanda mita 100, kwa hiyo bibi anapofika juu ameacha kama nyuzi 4 chini yake, na malaria hupungua kadiri unavyopanda kwa sababu vimelea hukomaa polepole ndani ya mbu kwenye baridi. Muulize mwanafunzi kwa nini kijiji kiko pale. Asijibu mpaka ametazama kontua zilizo juu na zilizo chini ya kijiji hicho.

Walioletwa na mashamba makubwa wana alama yao pia. Bondeni mtaona vijia vilivyonyooka kama vimepigwa rula: hiyo ni mikonge, zao lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 na kupandwa kwanza Kikogwe, karibu na Pangani. Manamba waliokuja kuikata kutoka mikoa ya mbali ndio babu za familia nyingi za Muheza leo. Reli nayo inasoma kontua kuliko mtu yeyote. Ile ya Tanga ilianza kujengwa 1893, ikafika Muheza 1896 na Korogwe 1902, na mkiifuata kwa kidole mtaona inavyoukwepa mlima na kupita kusini yake kwa adabu. Tawi la Sigi lilithubutu kuingia milimani kutoka Tengeni, likaishia Sigi, chini ya ukuta. Treni haipandi asilimia 20. Reli imekwisha, ila jengo la stesheni lipo, na leo ni kituo cha kupokelea wageni wa hifadhi.

Mkitaka kujua maji, tafuteni kontua zilizopinda kama herufi V. Ncha ya V ikielekea kwenye kimo kikubwa zaidi, hapo ni korongo na maji hupita. Ikielekea kwenye kimo kidogo, hapo ni mgongo. Chemchemi nyingi hukaa kwenye vichwa vya hizo V za korongo, na nyumba hukaa kwenye mgongo wa jirani, ndiyo maana mwanamke wa mlimani hushuka kuteka na kupanda na ndoo. Fuateni V hizo kuanzia Amani zikiungana moja moja mpaka ziwe Mto Sigi, mwendelee nao hadi bwawa la Mabayani. Jiji la Tanga linakunywa maji hayo. Pepo zinazotoka baharini hugonga ukuta wenu, zikapanda, zikapoa, zikamwaga mvua, karibu milimita 2,000 kwa mwaka pale Amani, ilhali huko Mkomazi, nyuma ya Usambara ya Magharibi, nchi ni kame. Mtoto akiona kwa kidole chake kwamba kijito cha nyuma ya shule ndicho kinachotoka bombani Tanga, ataulinda msitu bila kuhubiriwa.

Lakini msiitumie ramani hiyo kupimia ulinzi wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi yake, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Kwenye karatasi yenu mita 60 ni milimita 1.2, unene wa mstari wa kalamu nene. Ugomvi wa shamba na mto hupimwa kwa mkanda, pale pale uwandani. Vivyo hivyo mipaka ya kijiji: ramani ya topografia haithibitishi mpaka wa mtu wala wa kijiji, hiyo ni kazi ya upimaji wa ardhi chini ya sheria zake.

Kuna mambo ambayo karatasi ya zamani haitayajua. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997 kwa kuunganisha misitu kadhaa iliyokuwa ya hifadhi kila mmoja peke yake. Kama karatasi yenu ni ya kabla ya hapo, mtaona vipande vyenye majina mbalimbali mahali ambapo leo ni hifadhi moja. Vijiji vilivyokusanywa miaka ya 1970 huenda vimechorwa kama nyumba zilizotawanyika. Majina nayo yaliandikwa jinsi sikio la mgeni lilivyosikia: mto ule ule ni Sigi kwenye karatasi moja na Zigi kwenye nyingine, na Usambara yenyewe ni Shambaa iliyogeuzwa mdomoni mwa wengine. Majina yanayoanza na Kwa au Kwe mengi humtaja mtu au kitu kilichotambulisha mahali hapo. Wazee ndio wanaojua ni nani au nini, na hao hawatangoji toleo lijalo la ramani.

Hata kontua zina mahali pa kutiliwa shaka, nao ni msituni. Zilichorwa kutoka picha za ndege, na mchoraji aliona vilele vya miti, si ardhi. Msidhani simu imelimaliza tatizo hilo. Ramani nyingi za intaneti hutumia vimo vilivyopimwa na rada ya chombo cha anga cha Endeavour kwa siku 11 za Februari 2000, na rada ile nayo ilirudishwa na majani kabla ya kufika chini. Penye miti ya mita 30 au 40, mgongo wa mlima huonekana mrefu kuliko ulivyo, na ukingo wa shamba la chai huonekana kama genge.

Na kwa kuwa watoto watakuja na simu, hili moja liwe wazi. Karatasi hizo zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, yaani kanuni ya kupatia kila mahali namba zake za latitudo na longitudo. Simu inatumia WGS 84. Mahali pale pale panapata namba mbili tofauti, na tofauti yenyewe huku kwetu ni mita 300 hivi kwa kaskazini na kusini, na karibu mita 100 kwa mashariki na magharibi. Nilipokuwa kijana kazini nilipewa namba za bikoni, nguzo ya alama ya wapimaji, kwenye karatasi, nikaziingiza kwenye kifaa bila kubadili mfumo. Kifaa kikanipeleka ng'ambo ya korongo. Nilifyeka vichaka kutoka asubuhi hadi jua la utosi, na bikoni ilikuwa upande niliotoka, kwenye mgongo niliouacha, nyeupe, inaonekana kabisa. Badilini mfumo kwenye mipangilio ya kifaa kabla ya kutoka. Kwa upande wa dira ya gridi mna bahati: longitudo ya 39 Mashariki, mstari wa kati wa zoni ya 37 ya gridi ya ramani, inapita magharibi kidogo ya jiji la Tanga, kwa hiyo kaskazini ya gridi na kaskazini ya kweli kwenu ni karibu kitu kimoja.

Somo linalofuata lifanyieni njiani. Mwambie yule mwanafunzi amwombe bibi yake ruhusa, mpande naye siku moja, bila haraka, kila mtoto akiwa na nakala ya ramani na penseli. Msimwonyeshe ramani kwanza. Anapotua mzigo kupumzika, watoto waweke nukta kwenye karatasi na waandike jina la mahali hapo kama bibi anavyolitamka. Atapumzika mara nne, pengine tano. Mkirudi darasani, wekeni rula kwenye kila nukta, mpime kontua zimeachana milimita ngapi hapo, na ngapi sentimita moja chini yake.